Gredi ya 10 na Bajeti ya Kaunti

Aprili 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alipotangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu, inayoanzia Gredi ya 10, Wakenya walibishana kweli kweli. Katika orodha iyo hiyo ya masomo ya lazima, pamoja na Kiingereza na Kiswahili, lilikuwamo somo la huduma kwa jamii. Hilo halikugombewa na mtu, na likiendelea kupuuzwa litaishia kufagia soko na kupanda miche mbele ya kamera.

Hasara iliyoje! Somo hilo lingeweza kumtoa kijana darasani akashinde ofisi ya kaunti, akiandamana na afisa mmoja tangu asubuhi hadi jioni.

Wapo wanaosema ofisi za umma zina siri, na kwamba mwanafunzi atageuzwa mtumwa wa chai. Haya, faili za wagonjwa zifungiwe kabatini. Umbali nao si kisingizio: nchi ina wadi 1,450, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaipa kila wadi msimamizi wake. Chai ni tatizo la kweli, ila dawa yake ni ratiba.

Na ratiba ndiyo kiini cha yote. Siku moja ya kukalia kiti cha gavana kwa suti ya kuazima humfundisha kijana itifaki tu. Pesa za kaunti hufuata kalenda: kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika bunge la kaunti, Februari 28, waraka wa mkakati wa fedha, Aprili 30, makadirio yenyewe. Kijana anayemfuata msimamizi wa wadi wananchi wanapoitwa kutoa maoni ataona wanaotia sahihi karatasi ya mahudhurio, na ataona pia kama kuna aliyeufungua ule waraka mnene wa Kiingereza ulioko mezani. Mama mmoja akiomba kisima, kijana aandike. Muhula wa pili amrudie afisa wa mipango: kisima kimo? Kama hakimo, nani alikitoa, na pesa zake zimekwenda wapi?

Si mambo ya mbali. Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o alizitaka kaunti zisitoe basari bila mkataba na serikali kuu, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si sekondari. Magavana wakakimbilia mahakamani. Ni wanafunzi wangapi waliojua karo yao imekwama katika ofisi ipi?

Hapa ndipo subira inapoisha. Juni 2024 vijana waliuchambua Mswada wa Fedha mitandaoni kifungu kwa kifungu, wakaingia barabarani, wengine wakauawa, hadi Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Wakubwa wakawaambia wafuate njia za kisheria. Nani aliwahi kuwaonyesha njia hizo zilipo?

Wizara ya Elimu na Baraza la Magavana wanaweza kuandika waraka mmoja tu: kila shule ipangiwe ofisi ya wadi wakati wa vikao vya bajeti, na alama za somo zitokane na ripoti ya mradi mmoja ambao mwanafunzi ameufuatilia mpaka ukaingia kwenye makadirio au ukafutwa, pamoja na cheo cha aliyeufuta.