Huyo Kiti cha Pweza Si Pambo la Selfi Yako

Wasee, tuongee ukweli. Kila Desemba simu yangu hujaa picha ile ile: mtu amesimama kwenye maji ya kiunoni, Watamu ama Diani, meno yote nje, na mkononi ameinua kiti cha pweza juu hewani. Laiki zinamiminika. Watu wanaacha emoji za moto. Hakuna anayeuliza huyo mnyama anapitia nini.

Ndiyo, ni mnyama. Kiti cha pweza hana mapafu. Anapata oksijeni kutoka kwa maji, kupitia ngozi yake na vile viguu vidogo vidogo vilivyo chini ya mikono yake. Ukimtoa majini, unamkaba. Wewe unatengeneza nywele, unasema "piga tena, hiyo nimefunga macho", na yeye anakosa hewa. Ukimaliza, mashua nyingine inafika na watu wake, na yule yule anainuliwa tena.

Msimamo wangu ni huu: kama ilibidi umshike kiumbe, umfukuze ama ukanyage nyumba yake ndio upate picha, hiyo picha usiiposti. Na sisi wengine tusiilaiki.

Najua mtaniambia, "Lakini kapteni mwenyewe ndiye alimtoa." Sawa. Na unadhani kwa nini alimtoa? Kwa sababu wateja wa jana walitaka hiyo picha, wakafurahi, wakaacha bakshishi. Kapteni anasoma soko vile mama mboga anasoma soko. Siku tutakapoanza kusema, "Kapteni, muache tu chini, tutamwona hapo hapo," biashara itabadilika bila mkutano wala semina. Na tuache kuwalaumu wazungu kwa kila kitu. Siku hizi ni sisi tunaoshuka SGR na mabegi na GoPro za kuazima.

Kwa kasa mambo ni mabaya zaidi. Kasa anavuta hewa kama mimi na wewe. Lazima apande juu. Ukimkimbiza na kamera wakati anapanda, anageuka na kurudi chini kabla hajavuta pumzi. Unapata video ya sekunde kumi ya makalio ya kasa anayekutoroka. Hiyo ni kontenti gani?

Hapa ndipo napenda kupiga mbizi kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa. Si kitu kigeni. Wavuvi wa pweza wa pwani yetu wamezamia hivyo tangu jadi. Na kwa picha ina faida kubwa: hakuna mapovu wala kelele, kwa hivyo samaki hawashtuki sana. Shuka polepole, tulia, usinyooshe mkono. Mara nyingi samaki waliojificha wanaanza kutoka wenyewe kuangalia huyu mgeni ni nani. Hiyo ndiyo picha yako.

Pia huhitaji kwenda kina kirefu. Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Ukishuka mita chache tu, kila kitu kinaanza kuwa cha bluu. Rangi nzuri ziko karibu na juu, jua likiwaka, hasa msimu wa kaskazi maji yanapokuwa maangavu. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na hakuna filta itakayokuokoa.

Halafu kuna maisha yako. Usihemehe haraka haraka kabla ya kuzama ukidhani unajaza oksijeni. Unachofanya ni kupunguza kabonidioksidi, ambayo ndiyo inayouambia mwili "pumua sasa". Unaweza kuzimia bila onyo lolote, mara nyingi ukiwa umekaribia kufika juu. Kwa hivyo usizamie peke yako: mmoja chini, mmoja juu anaangalia, na aliye juu asiwe kwenye simu. Kukimbiza kasa ndiko kunafanya mtu aseme "sekunde mbili tu" wakati pumzi imeisha. Tabia inayomuumiza kasa ndiyo hiyo hiyo inaweza kukuzamisha.

Na matumbawe si mawe ya kusimamia. Ni wanyama hai. Kuna aina zinazokua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Teke moja la kutafuta balansi linaweza kuvunja kitu kilichoanza kukua kabla hujazaliwa. Watamu na Malindi zimekuwa hifadhi za baharini tangu 1968. Zimelindwa muda wote huo, halafu tuje kuzimaliza na selfi? Zii.

Anayedhani kutoshika kunafanya picha ziboe aangalie filamu ya Afrika Kusini, "My Octopus Teacher". Craig Foster alizamia bila mtungi karibu kila siku kwa takriban mwaka mmoja akimfuatilia pweza mmoja. Hakumvuta kutoka shimoni ili apate picha. Alirudi, akangoja, hadi pweza mwenyewe akanyoosha mkono. Mwaka wa 2021 filamu hiyo ikachukua Oscar. Subira inalipa, hata kwa kamera.

Sisemi msiende baharini. Nendeni! Bahari ni yetu, na wengi wetu tumeijua kwa kadi za posta tu. Lakini kabla mashua haijang'oa nanga, ambieni kapteni mapema: hakuna kushika, hakuna kufukuza. Mkirudi, mpeni bakshishi nono kwa kuwaonyesha viumbe mahali wanapoishi. Kisha postini picha zenu na muandike hivyo kwenye maelezo, ili msee anayefuata ajue inawezekana.