Paka wa Msikitini Mbele ya Kamati

Kikao cha kamati yetu hapa Kirumba, baada ya swala ya Isha, kilitumia muda wake mwingi kwa paka. Ni huyu alalaye karibu na viatu na kuzuia panya wasitafune mikeka. Masikio yake yalikuwa yamefanya magamba, manyoya yamenyonyoka kichwani, naye akijikuna hadi damu. Watoto wawili wa madrasa nao walikuwa na choa kichwani. Mjumbe mmoja alitaka paka atiwe guniani akatupwe mbali. Mwingine alikuja na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Mzee wetu mmoja alipinga vyote viwili. Alikumbusha kuwa Mtume (SAW) alikanusha dhana ya ugonjwa kuambukiza kwa nguvu zake wenyewe, na bedui aliyemtajia ngamia wenye upele aliulizwa: wa kwanza aliambukizwa na nani? Ni sahihi. Lakini Abu Hurayra (RA) amepokea pia katazo la kumpeleka mnyama mgonjwa penye wazima. Wanazuoni wamezioanisha: hakuna kinachodhuru ila kwa idhini ya Allah, na kumtenga mgonjwa ni kushika sababu. Basi paka akawekwa stoo pamoja na maji na dagaa, maana mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka alimfungia bila chakula.

Siku ya pili alikuja daktari wa mifugo. Hakutoa dawa kwanza. Alikwangua ukingo wa sikio kwa wembe, akang'oa nywele kadhaa, vikaangaliwa kwa hadubini. Ulionekana utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho, na ndani ya sikio mlijaa uchafu mweusi mfano wa machicha ya kahawa. Fangasi wa choa hakuonekana. Kwenye kituo cha afya, mzazi aliyempeleka mwanawe aliulizwa kama watoto huazimana kofia. Huazimana, tena kila siku. Tulikuwa tumekaribia kumhukumu asiyehusika.

Ile chupa nayo ingemwua. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo zina permetrini au amitrazi. Ini la paka haliwezi kuivunja permetrini. Hutetemeka, hutokwa na mate, hufa. Na hata ukimpaka mgongoni tu, atajilamba. Oili chafu ya gari, tunayoipenda sana huku kwetu, haina nafuu yoyote. Hata sindano ya ng'ombe haikadiriwi kwa macho: mtoto wa paka ana uzito wa kilo moja au chini ya hapo.

Alipewa dawa kwa kipimo cha uzito wake, na atarudiwa, kwa sababu mayai ya utitiri huendelea kuanguliwa na mzunguko wake huchukua kama wiki tatu. Mwenye paka watatu nyumbani awatibu wote pamoja, hata asiyejikuna. Vijiti vya pamba visiingizwe sikioni. Husukuma uchafu ndani na huweza kutoboa ngoma ya sikio. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa.

Mwenye paka mweupe aangalie jambo jingine. Mwanza iko karibu na ikweta, na ncha za masikio meupe huungua kwa jua. Kidonda kisichopona hapo huweza kuwa saratani, si upele. Mapema hukatwa, akichelewa hakuna la kufanya.

Wameuliza wasomaji kuhusu tohara. Abu Qatada (RA) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu, akaeleza kuwa Mtume (SAW) alisema si najisi. Ila usaha na damu ya kidonda ni najisi. Sehemu ya mkeka iliyoguswa ioshwe.

Gharama ilitoka mfuko wa kamati, na mjumbe wa gunia alichangia nusu. Ajenda ya kikao kijacho ni kofia za watoto.