Tusiumalize Mukombero

Uingereza kuna thomu ya mwituni, yaani kitunguu saumu kisichopandwa na mtu. Huota chini ya miti, penye kivuli na unyevu. Watu huchuma majani wakala, na kitunguu chenyewe hukiacha ardhini. Tena sheria ya huko ya mwaka 1981 yakataza kung'oa mmea wowote wa mwitu bila idhini ya mwenye ardhi. Jani likichumwa huchipua jingine; mzizi ukitoka, basi tena.

Hayo hunijia kila nipitapo Matete, kaskazini mwa Kakamega, nikauona mukombero ukiuzwa. Ndugu zetu Waluhya hawana haja ya kuelezwa, lakini msomaji wa pwani nitamweleza. Ni mmea utambaao juu ya miti, majani yake yana umbo la moyo, na mzizi wake wanukia kama vanila. Hutafunwa mbichi. Wazee husema waleta hamu ya kula. Na wanaume wana lao jingine, ambalo kwa umri wangu nitalinyamazia.

Makao yake ni msitu wenye unyevu na kingo za mito. Matete kwa Kiswahili ni mimea ya majimaji, lakini huko leo macho hukutana na miwa na mahindi. Vipande vya msitu vilivyosalia, kama Malava upande wa kusini, haviwezi kushibisha masoko ya miji yetu yote.

Wachuuzi siwalaumu, wanatafuta riziki. Shida ni kwamba hapa kiliwacho ni mzizi wenyewe. Mchimbaji akiung'oa wote, ameuza na mmea wa mwakani. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Wako wasemao msitu ufungwe. Mimi sikubali: ukimfungia mtu mlango wa riziki mchana, ataingia usiku. Bora mukombero upandwe uani, upewe mti wa kupandia, na mchimbaji akate mizizi ya kando tu, kisha arudishie udongo. Mtu atasema wa shambani hauna nguvu kama wa mwitu. Haya, na wa mwitu ukiisha, atatafuna nini?

Nchi iliyoweza kupima mashamba ya miwa kwa ekari haishindwi kuutengea ukingo wa mto mmea ambao miwa iliukuta pale.