Uhasibu au masoko? Nilichomwambia mdogo wangu

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo siongelei picha za bidhaa. Naongelea mdogo wangu, ila na wewe inakuhusu.

Amechaguliwa vyuo viwili: TIA kusoma uhasibu, na CBE kusoma masoko. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja, na tarehe ya mwisho haisubiri mtu. Basi nyumbani kwetu Kisarawe kikawa kikao. Mjomba anataka uhasibu, eti kila ofisi ina mhasibu. Mwenyewe anataka masoko, na hoja anayo. Korosho ninazouza Instagram na WhatsApp, picha na maneno yote ni yake. Akaniambia, "Dada, bila mimi nani angekujua?" Kweli kabisa.

Lakini mimi nimesema uhasibu, na siyo kwa sababu ya mjomba.

Mwaka jana tuliuza sana. Oda zilitoka mpaka Mbezi na Tegeta. Ila kila nikitaka kununua mzigo mwingine, hela hamna. Siku moja tukakaa na daftari. Kilo tulinunua 20,000, tukauza 25,000, tukajua faida ni 5,000. Kumbe kifungashio na lebo 800, nauli ya kushusha mzigo Gongo la Mboto na kumfikishia mteja 2,500, makato ya kutoa hela 700, bando 400. Inabaki 600! Na mteja akiomba apunguziwe 1,000, tunampa huku tunacheka. Yaani kadiri tangazo lilivyovuta watu, ndivyo tulivyozidi kupoteza.

Kodi nayo hivyo hivyo. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asipotunza kumbukumbu analipa 100,000. Akizitunza, analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5, hiyo ni 30,000. Daftari limekuokolea 70,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizia TRA vya mwaka huu.

Sisemi uhasibu ni tiketi ya ajira. Ukimaliza shahada bado kuna mitihani ya NBAA mpaka uipate CPA, na yenyewe ina ada yake. Na masoko ni taaluma kamili, siyo kupiga picha tu. Mdogo wangu angekuwa anajua hesabu ila hajui kuuza, ningemwambia aende masoko bila kusita. Maoni yangu ni haya: ada ilipie kile usichokijua. Unachokijua tayari utakiendeleza ukiwa kazini.

Na wewe usiyekwenda chuo, leo usiku chukua bidhaa moja tu. Andika kila shilingi inayotoka mpaka imfikie mteja, nauli na bando vikiwemo. Ndipo upange bei.

Mdogo wangu kasema atathibitisha kesho. Hajaniambia wapi, nami sijamuuliza. Atakayekaa darasani miaka mitatu ni yeye. Akichagua masoko, ada nitachangia vilevile, ila daftari la korosho atanisaidia kulijaza.

Wewe ungemshauri nini?