Kijana Anayenasa Sauti ya Mvua



Barua iliyonipa kazi juma hili imetoka kwa mama mmoja wa Temeke, mfanyakazi wa kiwandani. Jina lake silitaji kwa kuwa ameniomba nisilitaje. Anaeleza kwamba mumewe alifariki dunia mwaka jana, wakati wa masika, akamwachia watoto watatu. Mkubwa wao ni kijana wa miaka 19. Tangu siku ya msiba kijana huyo amekuwa mkimya. Kila mvua inyeshapo hutoka na simu yake, akaiweka chini ya ukingo wa bati, akanasa mshindo wa matone. Kisha hujifungia chumbani na kompyuta aliyoazima kwa rafiki yake, akaichanganya sauti ile ya mvua na sauti nyingine ndefu ndefu zinazopanda na kushuka polepole. Mama anauita "muziki usio na ngoma, usio na maneno, na usiokwenda popote".

Majirani wamemshauri ampeleke kijana kwa mganga. Shemeji yake anataka kumnyang'anya kompyuta na kumtafutia kibarua bandarini. Mama anauliza: "Je, mwanangu anaumwa, au ananichezea?" Kisha, mwisho kabisa wa barua, ameandika maneno haya: "Juzi nilisimama mlangoni pake nikasikiliza. Ndani ya mvua ile nikasikia mtu akipiga mluzi. Ni mluzi wa marehemu, alivyokuwa akiupiga alipokuwa akiosha baiskeli yake. Nikarudi jikoni."

Nimeisoma barua hii mara tatu, na nimeona kwamba jibu lake linawahusu wengi. Ni nyumba ngapi katika miji yetu ambamo kijana anafanya jambo wazazi wasilolielewa, na kwa kuwa hawalielewi wanaliita ugonjwa au uvivu?

Jambo la kwanza ambalo yafaa mama huyu alijue ni kwamba muziki wa namna hiyo upo, na una historia yake. Kwa Kiswahili naweza kuuita muziki wa mandhari. Ni muziki uliokusudiwa kukaa chumbani kama unavyokaa mwanga wa taa au harufu ya udi. Ukitaka kuusikiliza kwa makini, utakuta mengi ndani yake. Ukitaka kuendelea na kazi zako, hautakuudhi. Mfaransa Erik Satie alijaribu jambo lililo karibu na hilo mjini Paris mwaka 1920. Alitunga vipande vya kupigwa wakati wa mapumziko ya mchezo wa kuigiza, akavilinganisha na samani za nyumbani, yaani vitu vya kuwepo tu bila ya kutazamwa. Muziki ulipoanza, watu waliacha mazungumzo yao na kukaa kimya wausikilize. Satie akawa anawahimiza waendelee kuzungumza na kutembea! Hawakumwelewa.

Aliyeukuza muziki huu na kuupa jina unalojulikana kwalo duniani ni Mwingereza Brian Eno, naye aliupata kitandani. Mwanzoni mwa mwaka 1975 aligongwa na gari mjini London, akawa amelala nyumbani hajiwezi. Rafiki yake alikuja kumjulia hali akamletea sahani ya santuri ya muziki wa kinubi wa karne ya 18. Rafiki alipokwisha ondoka, Eno alijikongoja akaiweka santuri, akarudi kulala. Hapo ndipo alipotambua kwamba sauti ilikuwa chini mno, na upande mmoja wa spika haukulia kabisa. Hakuwa na nguvu ya kuinuka tena. Basi akalala vivyo hivyo, na kinubi kikasikika kwa mbali, kikiwa kimechanganyika na sauti ya mvua na mwanga wa chumba. Mwaka huohuo akatoa santuri iitwayo Discreet Music, ambayo upande wake wa kwanza ni kipande kimoja tu chenye muda wa nusu saa na zaidi kidogo.

Namna alivyokiunda kipande hicho si ngumu kuielewa. Alitumia mashine mbili za kunasia sauti kwa utepe. Utepe ulitoka mashine ya kwanza, iliyoinasa sauti, ukaenda hadi ya pili, iliyoitoa sauti ileile baada ya kitambo. Sauti hiyo ikarudishwa tena katika mashine ya kwanza, ikanaswa upya pamoja na sauti mpya. Hivyo kila noti ilirudi kama mwangwi, ikififia kidogo kila irudipo, huku nyingine zikizaliwa juu yake. Leo kazi hiyo yaweza kufanywa na kompyuta ndogo ya kuazima, kama ile ya kijana wetu.

Mwaka 1982 Eno alitoa kazi nyingine, On Land, ambayo ningependa mama huyu aifahamu zaidi. Baadhi ya vipande vyake vina majina ya mahali katika pwani ya Suffolk, mkoa alikozaliwa na kukulia. Humo alitia sauti za vyura, za wadudu na za kunguru, na hata za mawe na vijiti. Alikuwa akizijenga upya mahali alizozikumbuka, ili msikilizaji aingie ndani yake. Je, mama, kuna tofauti gani kati ya mtu huyo na mwanao aliyeinama chini ya bati la nyumba yenu?

Wapo na wengine. Mmarekani Harold Budd, aliyezaliwa mwaka 1936, alikulia Victorville, karibu na jangwa la Mojave. Utotoni mwake alivutiwa na mlio wa upepo uliopita katika nyaya za simu, mlio mmoja mrefu usio na mwisho. Alipokuwa mtunzi alipenda noti chache za piano zilizoachwa zilie mpaka zinyamaze zenyewe. Santuri yake ya mwaka 1978 aliipa jina lenye kutaja ndoto, The Pavilion of Dreams, na kipande chake cha kwanza kina jina ambalo wengi wetu tunalitamka kabla ya kugusa chakula: Bismillahi. Budd alikuwa pia mtunzi wa mashairi. Mwaka 1991 alitoa kazi ambamo anayasoma mashairi yake mwenyewe kwa sauti, kati ya kipande na kipande. Alifariki mwezi Desemba mwaka 2020.

Kuhusu ndoto, yupo Richard James, aliyelelewa Cornwall nchini Uingereza na ajulikanaye kwa jina la Aphex Twin. Amesema kwamba nyingi katika tungo zake za mwaka 1994 alizisikia usingizini, akaamka na kujaribu kuziunda kabla hazijamtoka. Kila mmoja wetu ameamka alfajiri akiwa na ndoto mkononi, na kufikia wakati wa kupiga mswaki imekwisha potea. Ajabu si kuota. Ajabu ni kuinuka na kuikimbilia ndoto kabla haijatoroka.

Pengine utaniambia, msomaji, kwamba hao wote ni watu wa Ulaya na Marekani, na kwamba sisi tunapenda muziki wenye gitaa, tarumbeta na ngoma, wa kuinua watu vitini. Ni kweli, nami ni mmoja wa wanaoinuka. Lakini hebu tujiulize: mama anapombembeleza mtoto, anaimba ili nani amsikilize? Haimbi ili apigiwe makofi. Anaimba ili chumba kiwe salama, na mtoto akilala wimbo umetimiza kazi yake. Wahenga wetu walikuwa na neno tumbuizo, na kutumbuiza maana yake ya zamani ni kutuliza kwa nyimbo, kuliwaza. Basi wazo hili si geni nyumbani mwetu. Vyombo tu ndivyo vigeni.

Na hili la kufanya msiba kuwa kazi ya sanaa si geni vilevile. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe alitunga shairi aliloliita kwa jina lake, Amina. Hakuna aliyemwambia kwamba anaumwa. Kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kimelisoma shairi hilo, na wengi waliofiwa wameliegemea. Kijana wa Temeke hana vina wala mizani. Ana simu, mvua na mluzi wa baba yake. Ameutoa wapi mluzi huo? Nadhani ulinaswa zamani katika simu hiyohiyo, marehemu akiwa hai na baiskeli yake ikiwa uani. Sasa kijana anaujengea nyumba ya sauti ili usikae peke yake.

Kwa hiyo, mama mpendwa, jibu langu ni hili. Kwa haya uliyoyaandika, sioni kwamba mwanao anakuchezea, na sioni kwamba muziki huu ni ugonjwa. Naona kijana anayeomboleza kwa mikono yake. Hata hivyo, huzuni ni mzigo unaoweza kumzidi mtu nguvu. Mwangalie. Akiacha kula, akikosa usingizi siku nyingi, akikataa kuonana na watu wote, au akizungumza juu ya kutaka kufa, usingoje: mpeleke hospitali, akaonane na daktari. Hayo ndiyo mambo ya kuyaogopa, si mvua iliyonaswa.

Kwa shemeji nina neno la heshima. Kibarua ni kitu chema, na kijana wa miaka 19 katika nyumba iliyofiwa na baba anapaswa kusaidia. Sithubutu kumwahidi mtu kwamba muziki wa namna hii utamlisha. Hata Budd alifundisha chuoni miaka kadhaa. Lakini kazi ya mchana na utunzi wa usiku vinaweza kukaa pamoja. Mtafutie kibarua, bwana, ila usimnyang'anye chombo. Umnyang'anyapo chombo, unamnyang'anya na mluzi wa ndugu yako.

Majirani nao wapewe haki yao: chumba kimoja kikipiga kelele, nyumba nzima hailali. Kwa bahati njema muziki huu hupendeza sauti ikiwa chini. Laiti baa za mitaa yetu zingeiga!

Na kwa vijana wengine wanaotamani kujaribu, nina ushauri mfupi. Weka daftari kando ya kitanda, uandike ndoto kabla hujasema neno na mtu. Kabla ya kugusa kompyuta, andika beti moja juu ya jambo unalotaka kulieleza, hata kama hakuna atakayeisoma; beti hiyo itakuonyesha sauti gani inahitajika na ipi ni pambo tu. Chagua sauti chache za nyumbani kwenu: kinu, ufagio wa asubuhi, vikombe vya muuza kahawa, mawimbi ya Feri. Ziache zipumue. Kimya nacho ni sehemu ya utungo.

Namalizia kwako, mama. Jioni moja ya Jumapili, baada ya chakula, mwambie mwanao ailete kompyuta sebuleni. Waite wadogo zake na shemeji yako. Mwombeni awapigie kile alichokitunga, tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu asizungumze. Mluzi utakapopita, usikimbilie jikoni. Kaa. Mwache akuone ukilia, nawe umwone. Naamini amekuwa akiitunga kazi hiyo kwa miezi yote hii akiwa na msikilizaji mmoja moyoni, na msikilizaji huyo amekuwa amesimama nje ya mlango.

Kisha uniandikie, nami nitafurahi kujua mmesikia nini.