Sauti na Gololi

Mnamo 2011, Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, ilitoa upya albamu yake ya 1973, The Dark Side of the Moon, katika kasha la diski sita. Kashani mlikuwa na sauti ya kuzingira, yaani ile itokayo katika spika zilizomzunguka msikilizaji. Mlikuwa pia na skafu na gololi. Mashabiki walikuwa na haki ya kuuliza gololi zinahusianaje na muziki. Isitoshe, mchanganyo wa James Guthrie ulikwisha kuuzwa peke yake tangu 2003. Aliyekuwa nao alilazimika kuulipia tena ili aupate ule wa Alan Parsons, wa spika nne, ambao kwa hakika ni usomaji mwingine wa kazi ileile.

Wapo wanaolitetea kasha kwa hoja ya kumbukumbu. Hoja hiyo ina mashiko kwa mkusanyaji. Kwa msikilizaji haina. Waama, mwaka 2023 mambo yalijirudia: mchanganyo mpya wa Atmos ulifungiwa kashani mwezi Machi, na diski yake ikaja kuuzwa pekee Oktoba, baada ya wasio na subira kulipia kila kitu.