Filta Hukwama Siku Inapofungwa

Kwa anayeitazama kutoka mbali, kazi ya kubadilisha oili ni nyepesi. Oili chafu humwagwa, filta ya zamani huzungushwa ikatoka, mpya hufungwa, na lita tatu na nusu au nne za oili mpya humiminwa juu. Kisha mwenye gari hulala chini ya Probox yake uani, iwe ni Langas au Kapseret huku Eldoret, akaishika filta kwa mkono ulioloa oili na kuzungusha. Mkono huteleza. Hujaribu kwa kitambaa, kikateleza nacho. Baada ya nusu saa bati limebonyea, vidole vimechubuka, na filta iko pale pale.

Wengi hapo hulaumu kutu, joto la injini au filta yenyewe. Lawama hizo zinapita pembeni. Mara nyingi filta hukwama siku inapofungwa, na wa kuulizwa ni aliyeifunga mara ya mwisho.

Filta iliyozoeleka ni kopo la bati lenye karatasi iliyokunjwakunjwa ndani na pete ya mpira mdomoni. Pete hiyo ndiyo inayozuia oili isivuje. Ikipakwa oili safi kidogo, na filta ikazungushwa kwa mkono hadi pete iguse injini, kinachobaki ni kama robo tatu ya mzunguko. Maagizo ya aina hiyo huchapishwa kwenye ubavu wa filta nyingi au kwenye boksi lake, mahali ambapo kila fundi huyapita akitafuta namba ya filta tu. Pete ikifungwa kavu, hujisokota na kung'ang'ania chuma. Ikikazwa kwa spana, hubanwa ikawa bapa, halafu kilomita elfu kadhaa za kuchemka na kupoa huigandisha kana kwamba imetiwa gundi.

Kwa nini basi mafundi hukaza kupita kiasi? Ni hofu, na hofu hiyo inaeleweka. Fundi wa jua kali anajua kwamba gari likimwaga oili kwenye mlima wa Timboroa, mteja atarudi kwake akiwa na hasira, na hakuna atakayerudi kumlalamikia kwa kukaza sana. Anayeteseka kwa kukaza sana ni mtu mwingine, siku nyingine, na kwa kawaida hajui ni nani wa kulalamikiwa. Ndiyo maana tabia hii imedumu.

Hasara yake hailingani na udogo wa kopo hilo. Katika Kaunti ya Uasin Gishu, ambako trekta hulima mahindi na ngano, servisi nyingi hufanywa shambani, huko Moiben au Ziwa, mbali na maduka ya spea ya mjini. Filta ikikwama mvua za Machi zikinukia, siku ya kulima imepotea. Tena mwenye mashine akishindwa kuitoa, hushawishika kuiacha ya zamani na kumwaga oili mpya juu yake. Huo ni uamuzi mbaya. Filta iliyoziba hufungua vali yake ya dharura ili injini isikose oili kabisa, na kuanzia hapo uchafu huzunguka bila kuchujwa hadi kwenye beringi.

Aliyekwisha kukwama ana njia, na zinafaa kufuatwa kwa mpangilio. Asubuhi za Eldoret, mji ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ni za baridi, kwa hiyo injini iwashwe dakika chache ipate uvuguvugu, isiwe moto wa kuunguza. Gari liinuliwe na kukaa juu ya standi imara. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini. Oili ikishamwagwa, filta ifutwe hadi ikauke kabisa, kwa sababu mkono huteleza zaidi kwa oili kuliko kwa kukosa nguvu. Kisha izungushiwe karatasi ya msasa, au kipande cha blada, ule mpira wa tyubu ambao wanabodaboda hufungia mitungi ya maziwa. Mpira huo hushika bati kwa namna ya kushangaza.

Hapa pana kosa moja linalowapata hata wenye uzoefu. Filta hulegea kinyume cha mwendo wa saa ikitazamwa kutoka kwenye kitako chake. Anayeifikia kutoka juu, mkono ukipita katikati ya mabomba, huiona kinyume, na mara nyingi anayedhani analegeza huwa anazidi kukaza.

Mkono ukishindwa, spana ya filta, ya mkanda au ya mnyororo, hufungwa karibu na mdomo, ambako bati ni gumu; ikifungwa katikati hulibonyeza tu. Bisibisi na nyundo, ambazo mafundi wengi huanza nazo, zilistahili kuwa za mwisho. Bati likitobolewa na kupindwa kwa nguvu huchanika kama karatasi, ikabaki sahani ya chuma ya mdomoni iliyoshika hesi. Hapo hubaki kuisukuma ukingoni kwa tindo, pole pole, huku mtu akichunga asiuguse uso wa injini ambapo pete mpya itakaa.

Filta ikitoka, ushindi usimfanye mtu asahau kupapasa. Pete ya zamani mara nyingi hubaki imenata kwenye injini, nyeusi juu ya weusi, isionekane. Filta mpya ikifungwa juu yake, pete mbili hushindwa kubanana. Moja huchomoka presha ikipanda, na oili yote yaweza kumwagika kwa muda mfupi sana. Kidole kinachopita pale kwa sekunde tano huokoa injini nzima.

Ile oili chafu nayo ina safari yake. Ikimwagwa mtaroni mjini Eldoret hufika Mto Sosiani, ambao huungana na Kipkaren, kisha Nzoia, hadi Ziwa Victoria. Mashambani wengi huipaka kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa. Nia ni njema, ila mvua huirudisha udongoni, na penye kisima jirani desturi hiyo inafaa kuachwa. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Jiji lenye gereji kila kona linahitaji mapipa yanayojulikana ya kupeleka oili na filta zilizotumika, tena karibu na mafundi wenyewe, kwani hakuna atakayebeba debe la oili kuvuka mji.

Kuhusu kukaza, dawa ni rahisi zaidi. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hupima ujuzi wa mafundi waliojifunza kazi mtaani, na vyuo vya ufundi vipo mjini humu humu. Kufunga filta kwa mkono kungeweza kuwa sehemu ya jaribio hilo, kipimo chake kikiwa fundi mwingine aweze kuifungua bila spana. Mwenye gari naye ana haki ya kusimama karibu servisi ikifanywa. Akimwona fundi akiinua spana kukaza filta mpya, amwambie kwa heshima, "Fundi, hiyo wacha kwa mkono." Kisha injini iwashwe, waiache dakika mbili, na wote wawili wainame na tochi kutazama kama kuna tone.